Kombe la Mwuza Chai na Mashua Iliyovutwa na Nyumbu

Mabishano kuhusu klabu ya matanga iliyo juu kuliko zote duniani hayajaisha mpaka leo. Grand Lake Yacht Club ya jimbo la Colorado, Marekani, imejinadi kwa sifa hiyo kwa miaka mingi, kwa kuwa ziwa lake liko mita 2,551 juu ya usawa wa bahari. Lakini ndani ya jimbo hilo hilo kuna bwawa la Dillon, mita 2,748, na humo pia watu hushindana matanga kila kiangazi. Bolivia inawapita wote wawili: Yacht Club Boliviano iko Huatajata, ufukoni mwa ziwa Titicaca, mita 3,812. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atalielewa hilo kwa miguu yake. Grand Lake iko chini ya vibanda vya Mandara, Dillon inakaribiana navyo, na Titicaca imevipita vibanda vya Horombo.

Rekodi ya mwinuko, basi, naipa Bolivia bila kusita, nchi iliyopoteza pwani yake yote kwa Chile katika vita vilivyoanza mwaka 1879 na ambayo hadi leo ina jeshi la majini. Wala si sifa ya kuandika ukutani tu. Huko juu hewa ni nyepesi. Upepo wa kasi ile ile unaojaza tanga Mombasa, ukivuma Grand Lake husukuma kwa nguvu iliyopungua kama moja ya tano. Titicaca hupungua karibu theluthi. Nahodha mgeni huona bendera inapepea na maji yamechafuka, akatarajia mwendo, na mashua isimpe. Wenyeji hubaki na tanga kubwa hata katika upepo ambao pwani ungewafanya walipunguze.

Cheo cha kweli cha Grand Lake nakiona mahali pengine, katika umri wake na udogo wa maji yake. Klabu ilianzishwa mwaka 1902, miaka 13 kabla milima inayoizunguka haijafanywa hifadhi ya taifa ya Rocky Mountain. Hakuna ziwa la asili Colorado lililo kubwa au lenye kina kuliko hilo, na bado eneo lake ni kama kilomita mbili za mraba tu. Mashua haijashika mwendo sawasawa, ukingo wa pili umeshafika, inabidi kugeuza. Upepo nao hushuka kutoka mabondeni kwa vishindo, mara kulia, mara kushoto, hivyo anayeshinda ni yule anayejua kusoma vivuli vya upepo juu ya maji kabla havijamfikia. Majira ya baridi ziwa huganda kabisa. Kalenda nzima ya klabu hubanwa katika kiangazi kifupi, na kilele chake ni juma la mashindano mwezi Agosti.

Ziwa dogo namna hiyo lingeweza kuharibiwa kwa mchoro mmoja wa wahandisi. Mwaka 1937 serikali ya Marekani iliandaa mpango wa kupitisha maji ndani yake na kuyaingiza katika handaki la kilomita 21 chini ya milima, yaende kumwagilia mashamba ya upande wa mashariki. Katika hati ya mpango huo liliwekwa sharti kwamba kina cha ziwa kisipande wala kushuka ovyo. Handaki lilianza kupitisha maji mwaka 1947 na sharti likabaki. Mabwawa mengi ya magharibi mwa Marekani hunywea hadi gati zikabaki kwenye tope. Grand Lake haikupatwa na hilo. Kwangu mimi sharti hilo ni ushindi mkubwa kuliko kombe lolote.

Na kombe wanalo. Mwaka 1912 klabu hiyo ya milimani ilitunukiwa kombe na Sir Thomas Lipton, yule yule ambaye jina lake liko kwenye pakiti ya majani ya chai jikoni kwako. Mzaliwa wa Glasgow, aliyetajirika kwa maduka ya vyakula na mashamba ya chai ya Ceylon, ndiye mshindani king'ang'anizi kuliko wote katika historia ya America's Cup, kombe kuu la mbio za matanga. Aliliwania mara tano, kuanzia 1899 hadi 1930, kila mara kwa mashua iliyoitwa Shamrock, na mara zote tano alishindwa. Mwaka 1920 alishinda mbio mbili za mwanzo, ikabaki moja tu. Akapoteza tatu mfululizo. Kombe hakulipata, lakini aligawa yake kwa ukarimu: moja kwa mabaharia wa Afrika Kusini mwaka 1909, na mwaka huo huo lingine la soka mjini Turin, lililochukuliwa na wachimba makaa wa West Auckland, Uingereza. Wachimba makaa hao walirudi mwaka 1911 wakaifunga Juventus mabao 6 kwa 1.

Miaka 18 kabla ya jaribio la kwanza la Lipton, klabu ya ziwani ilikuwa imekwisha kuliwania America's Cup, na kisa hicho ndicho nikipendacho kuliko vyote. Bay of Quinte Yacht Club ilitoka Belleville, mji mdogo wa Kanada kando ya ziwa Ontario. Mwaka 1881 iliwapelekea changamoto wenye kombe, klabu ya New York, na Kapteni Alexander Cuthbert akaunda mashua, Atalanta. Fedha zilikuwa haba na muda umekwisha, kwa hiyo kuzunguka kwa baharini hakukuwezekana. Wakapita mfereji wa Erie. Mashua ilikuwa pana kuliko milango ya mfereji! Wakahamishia farumi upande mmoja, mashua ikalala ubavu, ikapenya huku nyumbu wakiivuta kwa kamba kutoka ukingoni. Ilifika New York mwishoni mwa Oktoba bila maandalizi ya kutosha. Tarehe 9 na 10 Novemba ilikutana na Mischief, mashua ya chuma, ikaachwa kwa dakika 28 siku ya kwanza na 38 siku ya pili.

Cuthbert alitaka kuiacha Atalanta huko huko ajaribu tena mwaka uliofuata. Wenye kombe hawakutaka kusikia. Mwaka 1882 kanuni ziliandikwa upya: klabu yoyote inayoliwania lazima iwe na mashindano yake ya kila mwaka baharini au kwenye mkono wa bahari. Mlango ulifungwa usoni mwa watu wa maziwa, na sioni namna ya kuitetea kanuni hiyo zaidi ya kiburi cha watu wa pwani.

Maneno hayo yangali kwenye hati ya kombe, na hayakuizuia Société Nautique de Genève ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1872. Klabu hii huandaa Bol d'Or, mashindano yaliyoanza 1939 ambapo mamia ya mashua hukimbia kilomita 123, kutoka Geneva hadi mwisho wa ziwa na kurudi. Mwaka 2003, katika jaribio lake la kwanza, mashua yake Alinghi iliichapa New Zealand 5–0 huko Auckland. Ulaya haikuwa imelishika kombe hilo tangu mwaka 1851, na kwa mara ya kwanza lilikwenda kwa nchi isiyo na bahari. Hadi wakati huo bingwa alikuwa akilitetea kombe kwenye maji ya kwake, na Waswisi maji ya bahari hawana. Ikabidi waazime Valencia, Hispania. Walishinda huko mwaka 2007, na huko huko wakanyang'anywa kombe mwaka 2010.