Visiwa vya Hawaii

Watoto wa Kivu wanajua Idjwi: inchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Ndicho kisiwa. Hawaii ni jimbo la Marekani lililo visiwa vitupu, mbali sana katika bahari ya Pasifiki. Liliingia katika hesabu ya majimbo mwaka 1959, likawa la 50.

Visiwa hivi vilizaliwa na milima ya moto, kama Nyiragongo karibu na Goma. Mmoja wao, Kilauea, haujazimika. Mwaka 2018 mawe yaliyoyeyuka yalitiririka kama uji, yakaharibu majengo zaidi ya 700. Lakini watu wanasafiri mbali ili kuutazama!

Mwaka 2020 wakaaji walihesabiwa 1.455.271. Wengi wanakaa kisiwa cha Oahu, penye mji mkuu, Honolulu. Wenyeji wa kwanza walifika kwa mitumbwi, wakatawaliwa na wafalme wao. Halafu wazungu walipanda miwa, wakaita wafanyakazi kutoka China, Japani, Ureno na Filipino. Ndiyo sababu leo darasani utaona watoto wa sura nyingi. Huko pia, katika kisiwa cha Molokai, Padri Damiani, Mbelgiji, aliwatunza wenye ukoma mpaka akashikwa na ugonjwa ule mwenyewe, akafa mwaka 1889.

Leo miwa iko wapi? Sukari ya inchi zingine ilipatikana kwa bei ndogo. Kiwanda cha mwisho, katika kisiwa cha Maui, kilifungwa mwaka 2016. Sasa feza nyingi inatoka kwa wageni. Mwaka 2019 walifika zaidi ya milioni 10: wageni saba kwa mkaaji mmoja! Wanaoga baharini, wanapanda milima, wanalala katika hoteli nzuri. Lakini chakula kingi kinaletwa kwa meli, na nyumba ni za bei kali, hata wenyeji wengi wamehama.

Mashamba yaliyoachwa yalijaa majani marefu. Mengine asili yake ni Afrika, yaliletwa kulisha ngombe. Yakikauka yanawaka upesi. Tarehe 8 Agosti 2023 upepo mkali ulivuma Maui, moto ukashika majani, ukafika Lahaina, mji wa wafalme wa zamani. Watu kama 100 walikufa. Maelfu waliounguliwa na nyumba walipewa vyumba vya hoteli, vilevile vilivyojengwa kwa ajili ya wageni, wakakaa humo miezi mingi.