Kiingereza cha Mwanzo: Sikio Kwanza, Daftari Baadaye



Katika ziara zetu sharikani Bukoba na Muleba, wazazi hutuuliza swali moja: watoto wetu watajuaje Kiingereza? Swali hili ni zito. Katika shule za msingi za Serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili, lakini sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekosa msingi hufika kidato cha kwanza na akili yake timamu, kisha hunyamaza darasani. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umelishusha somo hili hadi darasa la kwanza. Awali lilianzia darasa la tatu. Kwa hiyo ni vema kamati zielewe jinsi mtoto mdogo anavyojifunza lugha ngeni.

Tulipokosea

Tulipoanza madarasa ya jioni, tulinunua madaftari na chaki. Watoto walinakili "This is a cup" kwa mwandiko mzuri. Siku moja tuliinua kikombe na kuuliza ni nini. Darasa zima lilikaa kimya. Walikuwa wamejifunza kuchora herufi, si kusema.

Ugumu uko wapi?

Katika Kiswahili mtoto huandika kama anavyotamka. Kiingereza hakiko hivyo: "one" huandikwa kwa o, husomwa "wan". Tena maneno yetu huishia kwa irabu, hivyo mtoto huongeza yake mwishoni na "cup" hugeuka kapu, ambalo ni chombo kingine kabisa! Wenzetu wa Marekani wanaowafundisha watoto wao Kihispania wana nafuu, maana Kihispania kina irabu tano kama Kiswahili, na maandishi yake hufuata matamshi kwa karibu. Sisi tusiharakishe maandishi. Sikio litangulie.

Kihaya si kikwazo. Kihaya hutofautisha irabu fupi na ndefu, jambo ambalo Kiswahili hakifanyi. Sikio la mtoto wa Kihaya limekwisha kuzoea kusikiliza urefu wa sauti, nalo litamsaidia kutenganisha "ship" na "sheep". Kumwadhibu mtoto kwa kusema Kihaya humfundisha woga tu.

Kipindi cha nusu saa

Mwaka huu tunafuata njia iliyoelezwa miaka ya 1960 na James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani: mtoto husikia amri na kuitenda kwa mwili kabla ya kudaiwa kuisema.

1. Mwalimu husema "stand up" na kusimama mwenyewe, watoto humfuata. Kisha "sit down", "walk", "stop".
2. Mwalimu hutoa amri bila kutenda. Hapo huonekana nani ameelewa.
3. Huletwa vitu vya nyumbani: ndizi, kikombe, jembe, buni. Maneno matano kwa siku yatosha. "Touch the banana", "give me the cup".
4. Aliye tayari huchukua nafasi ya mwalimu na kuwaamuru wenzake. Asiye tayari asilazimishwe.
5. Kipindi hufungwa kwa wimbo mfupi na marudio ya maneno ya juzi.

Darasa likiwa kubwa, safu moja hutenda na nyingine hutazama, kisha hubadilishana. Kusoma na kuandika hufuata kwa maneno ambayo mtoto amekwisha kuyasema.

Kamati ifanye nini?

Chumba cha shule ya Jumapili hukaa wazi siku za kazi, kitoeni. Tafuteni mtu mwenye matamshi mazuri na subira, kama mwalimu mstaafu au kijana aliyemaliza kidato cha sita. Zungumzeni na mwalimu mkuu wa shule ya jirani ili maneno yafuatane na ya darasani. Vipindi vitatu vifupi kwa juma ni bora kuliko kimoja kirefu.

Kwa wafadhili wetu, tunashukuru kwa maboksi ya vitabu. Lakini vitabu vinene vya hadithi bado ni mzigo kwa wanaoanza. Semina ya siku chache kwa walimu wa kujitolea, pamoja na vitabu vyembamba vya picha, itawafaa zaidi.

Jaribuni muhula mmoja. Kisha inueni kikombe na kuuliza. Jibu la watoto ndilo litakuwa taarifa yenu kwetu.