Unyevu Ndani ya Debe la Mbegu

Wasikilizaji wa Nachingwea na Ruangwa, na ninyi wanafunzi mtakaoyasoma maneno haya darasani, leo nataka kusema nanyi juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, nacho hutuharibia mali kila mwaka. Kitu hicho ni unyevu ulio ndani ya vyombo tunamowekea mbegu.

Mwaka mmoja mimi mwenyewe niliweka karanga za mbegu katika debe, nikaziba ukingo wa kifuniko kwa nta ya nyuki, nikajiona mwenye busara. Karanga zile nilikuwa nimezianika siku tatu tu, tena siku za mawingu. Mvua za Desemba zilipokaribia nikalifungua. Harufu iliyotoka ilinirudisha nyuma hatua mbili! Zilikuwa zimeota kuvu, na shamba letu mwaka ule lilipandwa mbegu za kuazima. Debe lilikuwa zima, nta nayo haikupasuka. Kosa lilikuwa langu.

Asili ya jambo hili ni hii. Kila mbegu ina maji ndani yake, hata ile tuiitayo kavu, na hewa nayo ina maji. Viwili hivi hupeana maji daima mpaka vilingane. Katika gunia lililo wazi hewa ya nje ndiyo mtawala, maana haina mwisho. Masika ikiwa na unyevu mwingi, mbegu hunywa unyevu huo hata zikiwa zilianikwa vizuri mno. Lakini katika debe lililojaa na kuzibwa sawasawa, utawala hugeuka. Hewa iliyobaki kati ya mbegu ni kidogo, na maji yaliyomo katika mbegu huyazidi ya hewa hiyo mara nyingi sana. Basi hapo mbegu ndizo zitawalazo hewa. Ukitia mbegu kavu, hewa ya debe itakaa kavu miezi yote, mvua inyeshe isinyeshe. Ukitia mbegu zenye maji, umeufungia unyevu ndani pamoja nazo, kama nilivyofanya mimi.

Je, kavu ni kavu kiasi gani? Mahindi yafaa yasizidi sehemu 13 za maji katika sehemu 100 za uzito wake. Karanga zilizobanguliwa sehemu 7 au 8. Ufuta kama sehemu 6. Msishangae kwamba karanga na ufuta vyataka ukavu zaidi. Mafuta hayashiki maji, kwa hiyo maji yote hukaa katika ile sehemu ndogo isiyo mafuta, na kuvu huyapata upesi.

Mizani ya kupimia maji hatunayo nyumbani, lakini kwa mahindi iko njia nyepesi. Twaa chumvi, uikaushe juani au juu ya moto, uiache ipoe. Tia vijiko viwili vitatu katika chupa kavu, kisha mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, utikise kwa nguvu muda wa dakika moja, uiache robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yako yamezidi sehemu 15, rudisha mkekani. Isipogandamana, bado anika siku moja mbili zaidi kabla ya kuziba debe, kwa kuwa 15 si 13. Karanga ziache na maganda yake. Tikisa ganda sikioni, usikie punje zinacheza, kisha ubangue moja na kuisugua: ngozi nyekundu itoke bila shida.

Tena, usizitie mbegu debeni zingali na joto la jua. Usiku bati hupoa, na mvuke hugeuka matone juu yake, yakadondokea mbegu za juu. Ngoja zipoe kivulini. Lijaze debe mpaka juu. Nafasi ikibaki, weka kitambaa chenye mkaa au majivu yaliyokaushwa motoni na kupoa ndani ya chombo kilichofunikwa. Yakilala nje usiku mmoja, yatakuwa yamekwisha kunywa unyevu wa hewa, wala hayatakufaa. Siku hizi iko pia mifuko ya tabaka tatu inayofanya kazi ileile, na wadudu waliofungiwa humo hufa kwa kukosa hewa. Hata mifuko hiyo haikaushi kitu.

Mimi nilipoteza mbegu tu. Wengine wamepoteza watu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula kilichochanganywa na karanga zenye kuvu, na hapo ndipo wataalamu walipoanza kuitambua sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 huko Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yaliyowekwa na unyevu, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulifika kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, wala kukaanga hakuimalizi. Karanga zenye kuvu, basi, usizipike, usiwape kuku, wala usizisage ukazichanganya na nzima. Zichome au zifukie.

Wiki mbili kabla ya kupanda, fungua debe asubuhi ya siku kavu, utwae punje 10, uzikunje katika kitambaa chenye maji. Baada ya siku tano hesabu zilizochipua. Zikiwa 8 au zaidi, ziba tena debe upesi, ungoje mvua.