Ameacha Pombe, Sasa Sukari Haitoshi

Malalamiko haya huletwa na mke au mama, mara chache sana na mhusika mwenyewe. Mwanamume ameacha pombe, mwezi haujaisha, na nyumba nzima inamshukuru Mungu. Lakini sukari iliyokuwa ikitosha wiki sasa haifiki siku ya tatu. Anatia vijiko vitano katika kikombe kimoja cha chai, akitoka dukani mfuko wa koti umejaa peremende, na usiku wa manane anasikika jikoni akitafuta mkate. “Daktari,” mama anauliza, “kwani tumeruka majivu tukakanyaga moto?”

Hapana. Na kwa wiki za mwanzo jibu langu huwashangaza wengi: mwacheni na sukari yake, mradi chakula kitangulie. Nimesikia kuhusu familia zinazoficha mkebe wa sukari kwa nia njema kabisa. Mtu anayepigana na pombe hafai kufunguliwa vita vya pili wiki hiyo hiyo, tena ndani ya nyumba yake.

Ili tuelewane, kuna dhana moja ya kuondoa kwanza. Watu husema mlevi hutamani sukari kwa kuwa pombe ina sukari nyingi. Mzee anayetengeneza muratina anajua mambo yalivyo. Anaanza na asali au maji ya miwa, anatia lile tunda la mti wa muratina lililokaushwa, kisha anasubiri. Hamira iliyojificha kwenye nyuzi za tunda hula ule utamu na kuugeuza pombe, na kadiri siku zinavyopita ndivyo utamu unavyopungua na ukali unavyozidi. Chang'aa, ambayo hutoneshwa kwa mvuke, haibaki na sukari yoyote. Kwa hiyo aliyekuwa akinywa chang'aa au pombe kali ya chupa hakuwa akinywa sukari. Sababu ya hamu yake iko kwingine: katika hesabu ya nishati, katika ini na katika ubongo.

Tuanze na hesabu. Gramu moja ya pombe safi ina kalori 7, wakati gramu moja ya sukari au wanga ina 4. Chupa ndogo ya mililita 250 yenye pombe ya asilimia 40 humpa mnywaji takriban kalori 550, karibu sawa na ugali wa gramu 150 za unga. Ni kalori tupu, hazina protini, madini wala vitamini, lakini mwili umezizoea na umepanga siku yake kwazo. Siku chupa inapotoweka, pengo la sahani nzima ya ugali linabaki wazi. Mwili hudai lizibwe upesi, na hakuna kitu kinachoziba pengo upesi kama sukari.

Ini nalo lina shida yake. Kwa kawaida huweka akiba ya sukari, na akiba ikipungua hutengeneza nyingine ili ubongo usikose chakula usiku tukiwa tumelala. Pombe ikiingia, ini huacha kazi hiyo ya kutengeneza sukari mpya ili kwanza liiondoe sumu. Mtu anayekunywa bila kula hulala akiba ikiwa imekwisha, na kufikia alfajiri sukari katika damu inaweza kuwa imeshuka. Jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, hasira bila sababu: sehemu ya yale yanayowafanya wanywaji waamke wakitafuta cha “kutoa loki”, yaani pombe ya asubuhi, ni njaa ya kweli. Baada ya miaka kadhaa mtu huwa amesahau njaa inavyofanana. Tumbo likidai chakula, yeye husikia kiu ya pombe.

Kisha kuna ubongo. Pombe huchochea dopamini, kemikali inayotufanya tufuatilie kinachotupa raha, pamoja na kemikali za kutuliza maumivu ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Utamu hupitia njia hizo hizo, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Mwaka 1997 watafiti wa North Carolina, Marekani, wakiongozwa na Alexey Kampov-Polevoy, waliwaonjesha maji ya sukari ya viwango mbalimbali wanaume waliokuwa waraibu wa pombe na wengine wasio waraibu. Karibu theluthi mbili ya waraibu walipendelea yale matamu kupita yote, ilhali kwa wasio waraibu hawakufika hata mmoja kati ya watano. Mume wako, basi, hajakosa adabu wala hajageuka mtoto. Ubongo uliozoea kupewa raha kwa fujo unatafuta mahali pengine pa kuipata.

Wenye uzoefu walikuwa wameliona hili zamani. Kitabu kikuu cha Alcoholics Anonymous, kilichotoka Marekani mwaka 1939, kilitaja ushauri wa daktari kwamba vitu vitamu huwasaidia wengi walioacha. Sikubaliani na kila desturi ya makundi hayo, lakini hapa naona walikuwa sahihi. Peremende inayomvusha mtu saa kumi na mbili jioni bila kuingia baa imefanya kazi yake.

Nataja saa hiyo kwa sababu. Endarasha yetu, hapa Kieni, Nyeri, iko juu zaidi ya mita 2,000, kati ya milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, na jua likishuka nyuma ya Nyandarua baridi huingia ghafla. Ndio wakati wa kibarua kulipwa baada ya kuchimba viazi au kupakia kabeji. Amechoka, ana baridi, alikula mara ya mwisho saa sita, mfukoni ana pesa, na njia ya kwenda nyumbani inapita penye vinywaji. Njaa, uchovu, upweke na hasira ndivyo vichocheo ambavyo washauri wa uraibu hutaja kila mara, na viwili vya kwanza lishe inaweza kuvipunguza. Ukiniuliza nibadilishe kitu kimoja tu katika siku ya mtu huyu, nitabadilisha saa kumi. Ale kabla hajalipwa: ngwaci mbili za kuchemsha, au nduma, na kikombe kikubwa cha maziwa mala. Afunge chakula hicho asubuhi aende nacho shambani. Akifika penye baa ameshiba, hamu huwa na sauti ndogo, na ikija mara nyingi hutulia ndani ya nusu saa akiipa nafasi.

Kwa siku nzima kanuni yangu ni kwamba kila mlo uwe na kitu cha kukawiza sukari: protini, mafuta kidogo au nyuzi. Sukari ya chai na mkate mweupe hupanda haraka katika damu na kushuka haraka, na inaposhuka hamu hurudi ikiwa kali zaidi. Githeri haifanyi hivyo. Maharagwe huyeyushwa polepole, mahindi mazima vivyo hivyo, na mtu anaweza kukaa saa nne bila kuwaza peremende. Hapa Kieni tuna bahati, kwani tiba hii haihitaji duka kubwa. Uji wa wimbi wenye maziwa asubuhi, na yai likipatikana. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi. Njahi, ambazo sisi tumezoea kumpikia mama aliyejifungua, zinamfaa vilevile mwili huu unaojijenga upya. Viazi vyetu ni vizuri, lakini visikae peke yao kwenye sahani. Viwe mukimo wenye majani ya malenge na maharagwe kando. Parachichi nusu juu ya chakula cha jioni hushibisha kuliko vikombe viwili vya chai.

Maharagwe yana faida nyingine ambayo singependa ipite: yana vitamini B1, yaani thiamini. Mnywaji wa muda mrefu mara nyingi huwa na upungufu wa vitamini hiyo, kwa sababu hali vizuri na kwa sababu pombe huzuia utumbo kuifyonza. Mwili huihitaji vitamini hiyo kuchoma sukari. Mtu aliyepungukiwa B1 anayeishi kwa chai tamu, soda na mkate mweupe anatumia ile kidogo iliyobaki. Ukiona aliyeacha pombe anapepesuka akitembea kana kwamba amelewa, macho hayatulii, au anachanganya siku na majina ya watu, usimshuku kuwa amerudia chupa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na ueleze kwamba alikuwa mnywaji, ili apewe B1 mapema, kabla au pamoja na dripu ya sukari. Ubongo ukicheleweshewa tiba hiyo, madhara yanaweza kubaki maisha yote.

Na kabla ya lishe yote hii kuna hatari ya siku za kwanza. Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru pombe za kizazi cha pili zimwagwe katika eneo la Kati, vinywaji vilitoweka vijijini kwa siku chache. Februari 2024, baada ya pombe yenye sumu kuua zaidi ya watu 10 huko Kangai, Kirinyaga, serikali ilikaza mkono tena. Naunga mkono kufungwa kwa vilabu vinavyoua watu. Ila amri hizo hazikuja na maelezo ya kitakachompata mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka kumi akikosa pombe kwa ghafla. Anaweza kupata kifafa ndani ya saa 48, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuona visivyokuwapo, kuweweseka na kupandwa na homa. Hali hiyo huua. Mtu wa namna hiyo asiachie pombe nyumbani kwa chai na maombi pekee. Aanzie kituo cha afya, na ikibidi apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, apewe dawa za kumvusha. NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ina nambari 1192, isiyotozwa malipo, kwa asiyejua aanzie wapi.

Turudi kwenye sukari. Kuna vibadala ambavyo navikataa tangu siku ya kwanza. Kimoja ni vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya chupa ndogo za plastiki. Vina sukari na kafeini, humnyima usingizi mtu ambaye tayari halali, na wengi walizoea kuvichanganya na pombe kali, hivyo ladha yake yenyewe inawaita warudi. Kingine ni muguka, yale majani ya kutafuna. Kijana anaacha pombe, anaanza kutafuna, na muguka ukiwa mchungu anautuliza kwa peremende na soda hadi usiku wa manane. Hamu ya chakula inakufa, usingizi unakimbia, na mwishowe anatafuta pombe ili alale. Kati ya hiyo na chai ya vijiko vitano, nipe chai.

Lakini chai hiyo isibaki na vijiko vitano milele. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima hiyo ni takriban gramu 50, kama vijiko kumi hadi kumi na viwili vya chai, na nusu ya hapo ni bora zaidi. Soda moja ya mililita 300 ina karibu gramu 30. Ini lililochoshwa na pombe mara nyingi lina mafuta, na sukari nyingi, hasa ya vinywaji, huliongezea mafuta hayo hayo tunayotaka yaondoke.

Kwa hiyo baada ya miezi miwili hivi, usingizi ukiwa umerudi na milo imetulia, tunaanza kupunguza. Hatua ya kwanza ni ya thamosi. Katika nyumba nyingi sukari hutiwa chai ikiwa bado sufuriani, ikaingia thamosi ikiwa tamu tayari, na hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Chai ipikwe bila sukari, kila mtu atie kikombeni mwake kwa kijiko. Kisha apunguze nusu kijiko, akae hapo wiki moja au mbili, apunguze tena. Ulimi hujifunza: aliyeshuka hivyo hadi kijiko kimoja, ukimrudishia vijiko vitano atakuambia chai imeharibika. Anayekata yote kwa siku moja mara nyingi hurudia yote kwa siku moja. Na mswaki usisahaulike jioni, kwani meno ya walioacha pombe huozeshwa na peremende za miezi hii.

Kuna wachache ambao kwao sivumilii hata hiyo miezi miwili. Mwenye kisukari ni mmoja wao, tena anayetumia insulini au vidonge anahitaji kumwona daktari mara tu anapoacha pombe, kwa sababu sukari yake itaenda tofauti na alivyozoea na dozi huenda ikabadilika. Mwingine ni yule ambaye kongosho lake liliwahi kuumwa kwa sababu ya pombe, kwa kuwa hilo ndilo linalotengeneza insulini. Na yeyote mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa kila saa na kupungua mwili huku anakula, apimwe. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 mmol/L au zaidi kinarudiwa siku nyingine kuthibitisha. Kidole kinatobolewa na jibu hupatikana hapo hapo.

Mwisho ni sherehe, ambazo huwasumbua wengi hata baada ya mwaka. Kwenye ruracio (sherehe ya mahari) au harusi, wenzake wakipewa bia yeye huletewa soda, na kwa kuwa glasi tupu humtia wasiwasi, huletewa ya pili na ya tatu. Ale nyumbani kabla ya kwenda. Akifika achukue soda moja, ainywe pamoja na chakula, kisha aombe kikombe cha chai au cha maji ya moto na akishike mkononi. Mwenyeji anayejua hali yake amtengee chai hiyo mapema, bila kumtangaza mbele ya watu.