Masomo ya msingi: mshauri anapoketi nyuma ya darasa

Tangu serikali ya Kongo ilipoanzisha masomo ya msingi ya bure Septemba 2019, madarasa mengi mashariki mwa inchi yamejaa. Mwalimu husema peke yake, watoto hurudilia wote kwa sauti moja.

Hapo ndipo mshauri wa walimu anapohitajika. Yeye si inspekta. Inspekta huja kutoa pointi, na mwalimu hutetemeka, jambo la kueleweka. Mshauri huketi nyuma, huandika ni watoto gani hawajafungua kinywa tangu asubuhi. Masomo yakiisha, wanapanga pamoja kipindi cha kesho: watoto wasomeane wawili wawili, wahesabu kwa vifuniko vya chupa. Swali likiulizwa kwa Kiswahili, ambacho sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu kufundishia kama lugha ya taifa, hata mtoto mwenye haya hujaribu kujibu.

Shida ni saa. Mazungumzo hayo hufanyika masomo yakiisha, na kuna walimu ambao bado hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Hao, kengele ikilia, hukimbilia shamba ama biashara ndogo.