Kujitilia Matone ya Macho kwa Mikono Dhaifu

Kujitilia dawa ya matone ni kazi tatu kwa mpigo: kulenga jicho, kubinya chupa na kuzuia kope lisifumbe. Mkono uliodhoofishwa na kiharusi, uliokakamaa kwa baridi yabisi au uliopooza baada ya uti wa mgongo kuumia unaweza kumudu moja na kushindwa mbili. Kwa hiyo kila kazi hutafutiwa nafuu yake.

Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, nchini Marekani, mazoezi ya kujihudumia kama haya hufundishwa na wataalamu wa tiba kwa vitendo. Utengemao una mizizi huko. Muuguzi Elizabeth Kenny wa Australia alifika Minneapolis mwaka 1940 kutibu waliopooza kwa polio, na taasisi yenye jina lake ikafunguliwa mwaka 1942. Mwaka 2013 taasisi hiyo iliungana na Courage Center, ikawa Courage Kenny Rehabilitation Institute.

Kulenga huwa rahisi mgonjwa akilala chali bila mto mrefu. Hufumba jicho, hudondosha tone kwenye pembe ya ndani, karibu na pua, kisha hufumbua na kupepesa ili dawa iingie. Kwa njia hiyo hata kope halihitaji kushikwa. Anayeketi huegemeza mkono kwenye paji la uso ili usitetemeke. Vipo pia vishikio vya plastiki vinavyokaa kuzunguka jicho na kuielekeza chupa.

Kwa kubinya, chupa nyembamba huzungushiwa sponji ishikike kwa ngumi, au huwekwa kwenye kibanio chenye mikono mirefu kinachobinywa kwa viganja viwili. Vichupa vya dozi moja huwasumbua wengi, kwa kuwa vifuniko vyake husokotwa kwa ncha za vidole.

Tone moja linatosha. Ni kubwa kuliko nafasi iliyopo jichoni, na la pili huishia shavuni. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Baadaye jicho hufumbwa taratibu dakika moja au mbili, pembe yake ya ndani ikibonyezwa ili dawa isishukie puani. Kama kuna dawa nyingine, husubiriwa dakika 5.

Matone yakizidi kukosea, daktari aambiwe mapema, hasa kwa mwenye presha ya macho, maana uoni ulioharibiwa na ugonjwa huo haurudi. Daktari anaweza kuandika dawa ya mara moja kwa siku, chupa moja yenye dawa mbili, au tiba ya leza.