Kuti Kavu na Kidato

Katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, ambako Wazaramo wameishi na minazi tangu enzi za wahenga wao, msemo wa kukalia kuti kavu hauhitaji ufafanuzi mrefu, kwa kuwa kila aliyewahi kuinua macho ajua ya kwamba kuti bichi huukumbatia mnazi kwa kitako chake kipana, lakini likisha kukauka hulegea, hata siku moja likajiangukia lenyewe pasipo upepo wala kuguswa. Basi mgema aliye juu na kibuyu chake hathubutu kuliegemea. Na mtumishi wa ofisini anayesemwa kwamba amekalia kuti kavu amevishwa, kwa maneno matatu tu, khofu yote ya mgema huyo.

Misemo mingi asili yake ni kazi. Asemaye kuwa nazi mbovu harabu ya nzima anena habari ya jikoni, kwani mbovu moja ikikunwa pamoja na nzima katika chombo kimoja, hakuna hila ya kuitenga, na tui lote huharibika. Waingereza nao, taifa la mabaharia, humsema mlevi kuwa kamba zake tatu za tanga zimeachiwa upepo. Ndizo kamba ziitwazo demani katika majahazi yetu, na zikilegea chombo huyumba. Sisi twasema mambo yamekwenda mrama, na mrama ni kuyumba huko huko. Wala mtu wa Maneromango, asiyepata kupanda jahazi, halitamki neno hilo kwa shaka zaidi kuliko nahodha wa Bagamoyo.

Nami husikitika nionapo misemo ikifundishwa kwa orodha ya maana tu, pasi na kutajwa kazi iliyoizaa, kwani mwanafunzi huhifadhi asichokifahamu sababu yake.

Angalia kidato. Mkwezi hukata mikato midogo katika shina la mnazi, mmoja juu ya mwingine, apate pa kutia mguu, na kila mkato ndio kidato. Elimu ya sekondari ilipotaka jina la madarasa yake, ililichukua neno hilo. Na leo, katika shule ya Minaki, Kisarawe, na katika Sekondari ya Kibaha, iliyo chini ya Shirika la Elimu lililotokana na mradi wa mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Nordiki, kijana akisema yuko kidato cha sita, ataja kwa lugha ya mkwezi kimo alichokwisha kufikia kutoka ardhini.